Maskini wa Nairobi analipa bei ya juu kuliko mimi

Niko Leeds, Uingereza, mwaka wa saba sasa, nafanya kazi ya kuangalia wazee, na kila nikikuja nyumbani naskia watu wakisema maskini ni maskini juu ya uvivu. Hiyo maneno inaniuma sana. Mwenye anaisema hajawahi simama Enterprise Road saa kumi na mbili asubuhi aone vile watu wa Mukuru, mtaa wa mabanda, wanamiminika na miguu kuingia Industrial Area, wengine hata hawajui kama getini wataitwa, wakikosa wanarudi hivyo hivyo na njaa.

Venye mimi naona, ukiwa na pesa kidogo kila kitu unauziwa ghali. Chukua maji tu. Shangazi yangu wa huko Mukuru hununua mtungi wa lita 20 bob 5, maji yakipotea unafika 20. Piga hesabu, mitungi 50 ndio lita 1,000, hiyo ni 250 siku nzuri na 1,000 siku mbaya, na mwenye ako na bomba ndani ya nyumba hapo South B, karibu tu, hafikishi hata hiyo 250. Mafuta ya salad ni ya kupimiwa, makaa ni ya mkebe, sukari ya bob 10. Mwisho wa mwezi amelipa kushinda mwenye hununua gunia na jerikeni.

Halafu mtu augue. Huku Uingereza, tangu 1948 mkaazi haitishwi pesa ya matibabu kwa mlango wa hospitali ya serikali (wengi wetu wageni wa kuishi huku hulipa ada tukichukua viza, lakini ukishalazwa hakuna wa kukuitisha deposit). Mume wa shangazi alilazwa 2019, akapona, na akakaa wodini wiki mbili zaidi akizuiliwa juu ya bili. Pesa ya stoki ya kibanda cha mboga ikaenda yote, cherehani ikauzwa, binamu yangu akatoka form two na hakurudi.

Tangu Oktoba 2024 Kenya tuko na SHA, bima ya afya ya serikali, na nilitaka sana ifanye kazi. Lakini mwenye mshahara anakatwa 2.75% pole pole kila mwezi, na mama mboga, ile kiwango ya chini kabisa ya 300 kwa mwezi, anaitishwa ya mwaka mzima pamoja. Mtu hupimiwa salad ya bob 20, hiyo 3,600 ataitoa wapi siku moja?