Popo, Karafuu na Chujio Kali la Bi Mkubwa

Kuna vitu vinakula muda wa binadamu bila hata kumpa risiti. Printa inasema karatasi imekwama, ukiifungua karatasi huioni. Nywila inataka herufi kubwa, tarakimu na alama ya ajabu, ukimaliza kuitunga inakwambia uliwahi kuitumia. Halafu kile kisanduku cha kuthibitisha kuwa wewe si roboti, kinachotaka uchague picha zenye bomba la zimamoto la kando ya barabara. Bi Mkubwa wetu hapa Chake Chake bomba hilo hajapata kuliona tangu azaliwe. Siku ya kwanza alibonyeza kila penye rangi nyekundu.

Lakini hivyo vyote vina uungwana wake, vinakupotezea muda ukiwa unaona. Chujio la barua pepe linakupotezea kimyakimya.

Bi Mkubwa ana nyumba ya wageni yenye vyumba sita, na mimi ndiye ninayemwangalizia kompyuta yake. Inboksi ilimchosha. Kila asubuhi kuna marehemu aliyeacha mamilioni, hana mrithi duniani ila yeye. Kila jioni kuna dawa ya kurefusha hiki na kunenepesha kile. Akaja kijana wa kampuni moja ya Unguja, akamuuzia huduma ya "chujio kali", malipo kwa mwezi. "Bi Mkubwa," akamwambia, "hapiti hata mbu." Ahadi akaitimiza. Mbu hakupita, na mgeni hakupita.

Hatukujua. Bi Mkubwa aliona inboksi nyeupe akasema alhamdulillahi, watu wamestaarabika. Ukimya wa wageni akauhesabu kuwa mwaka mbaya, na kwa kuwa msimu wa karafuu umeingia, akamruhusu kaka yake ahifadhi magunia kwenye vyumba vinne hadi yapelekwe kituo cha ZSTC, shirika la serikali linalonunua karafuu.

Ndipo Noah ikasimama mlangoni, wakashuka Waingereza watano na masanduku ya darubini. Wamekuja kuhesabu popo. Popo wa Pemba si popo wa darini: akitanua mabawa anakaribia mita 1.6, na duniani kote hapatikani penye asili yake ila kisiwa hiki. Miaka ya 1980 alikuwa amekaribia kumalizika, kwa kuliwa na kwa kukatiwa miti. Leo ukienda Kidike unawaona wananing'inia mchana kutwa juu ya miti. Wataalamu wanavuka bahari kwa ajili yake. Hawa watano walikuwa wameomba vyumba vitano, gari la kuwapokea uwanja wa ndege, na chakula kisicho na nyama kwa mmoja wao.

Bi Mkubwa alikuwa kwenye jamvi anachambua vikonyo vya karafuu. Akawatazama, akatazama masanduku, akasema, "Karibuni wanangu. Mmepotea?"

Mama wa makamo mwenye miwani, ndiye mkubwa wao, akatoa karatasi. Barua nne zimechapishwa, ya mwisho ina maneno ya kusikitisha ya mtu anayeuliza kama bado tuko hai.

Magunia yakahamishiwa ukumbini. Usiku ule mmoja wao alipiga chafya hadi adhana ya alfajiri. Asiyekula nyama alipewa mchicha wa nazi, akaomba tena. Hayo yaliisha kwa wema. Mimi nikaitwa kesho yake.

Nikafungua paneli ya huduma, sehemu ya kumbukumbu za barua. Hapo kila barua ina mstari wake: saa, mtumaji, alama ilizopata, na hukumu. Chujio za namna hii hazisomi barua, zinaitoza. SpamAssassin, programu huria inayotumika kwenye seva nyingi, huja na kikomo cha alama 5. Kichwa cha barua chote kwa herufi kubwa, kinaongeza. Picha tupu bila maandishi, inaongeza. Tarehe ya barua iko mbele ya saa iliyopo, inaongeza. Zipo na sababu za kupunguza. Zikifika 5, barua inagongwa muhuri wa taka. Na hapa wengi hawajui: programu yenyewe haifuti kitu. Inagonga muhuri tu. Kufuta au kuhifadhi ni amri ya aliyeifunga.

Kijana wetu alikuwa ameamuru mambo matatu. Kikomo amekishusha hadi 2. Ameandika orodha yake mwenyewe ya maneno mabaya, kila moja alama moja, mengine mbili. Na kinachofika kikomo kifutwe papo hapo, kisiwekwe folda ya taka. Hili la tatu ndilo lililotumaliza. Barua ikikataliwa mlangoni na seva, mtumaji hurudishiwa ujumbe wenye namba, kwa kawaida 550, akajua haikufika akatafuta simu. Ikipokelewa kisha ikafutwa, hapana ujumbe. Yeye anangoja, wewe unangoja.

Orodha yenyewe ilikuwa na "free", "offer", "urgent", "dollar" na "transfer". Niambieni, mgeni gani anakuja Pemba asiulize "airport transfer"? Akiuliza na kama ni "free", ameshafika mbili kabla hajataja jina lake.

Ila mama wa popo hakuuliza kama gari ni la bure. Yeye alipewa alama zote mbili kwa neno moja, na hapo ndipo kazi yangu ilipogeuka ngumu, kwa kuwa ilibidi nimweleze Bi Mkubwa, na mkwewe amekaa pale barazani na kikombe cha kahawa.

"Huyu mama kakosa nini?"

"Cheo chake, Bi Mkubwa. Chini ya jina ameandika 'specialist'."

"Mtaalamu. Sasa ubaya wake nini?"

"Chujio halikutazama neno zima. Limetazama herufi sita za katikati. Zinasomeka Cialis. Hilo ni jina la dawa."

"Dawa ya nini?"

"Ya watu wazima."

"Kwani mimi mtoto?"

"Ya wanaume, Bi Mkubwa. Wanaume watu wazima."

"Ya presha?"

"Kwa namna fulani, ndiyo."

Mkwe akaimeza kahawa moto kwa mkupuo mmoja, akakumbuka ana shughuli Wete.

Bi Mkubwa akanyamaza kidogo. Halafu uso ukafunguka. "Aaa! Zile wanazotangaza redioni usiku!" Akacheka hadi mtandio ukamwanguka. "Yaani yule mama mzima, na miwani yake, amefukuzwa mlangoni kama muuza mkuyati?"

Ndivyo. Na si jambo geni. Mwaka 1996 kampuni ya AOL ilijikuta inawakatalia wakaazi wa mji wa Scunthorpe, Uingereza, wasifungue akaunti, kwa sababu jina la mji wao limebeba tusi. Sitaliandika, mwenye haja asome kuanzia herufi ya pili hadi ya tano. Tangu hapo ugonjwa huu wa kutafuta vipande ndani ya maneno unaitwa kwa jina la mji huo, na dawa yake inajulikana: kanuni itafute neno zima lenye mpaka kushoto na kulia, si mfuatano wa herufi popote ulipo. Katika lugha ya kanuni hizo mpaka huandikwa \b mwanzo na mwisho wa neno. Herufi mbili kila upande. Kijana alizibania.

Kumbe chujio lilikuwa linakagua na zinazotoka. Kwenye orodha kulikuwa na tusi moja fupi la Kiingereza, herufi tatu, a na s mbili. Kwa hiyo "passport" imepigwa. Kassim imepigwa. Hassan imepigwa. Na Bi Mkubwa, ambaye hajawahi kumwandikia mtu bila kumwamkia, kila barua yake inaanza "Assalaamu alaykum". Barua zake kwa wakala wa Dar es Salaam hazikuvuka hata bahari.

Hapa hakucheka. "Salamu?" akauliza. "Salamu ndiyo tusi?" Akaniamuru niifungue mashine yote niitoe hiyo kitu.

Kabla sijaitoa, nikataka kujua nini kilikuwa kinapita. Kilipita kimoja, safi, alama sifuri. Barua kutoka "Idara ya Uhakiki wa Malipo", haina neno la haraka, haina dola, lugha tamu, inamwomba Bi Mkubwa athibitishe namba ya kadi yake ya benki kwenye kiungo kilichopo chini. Mwizi alikuwa amesajili domeini yake, yaani lile jina linalofuata @, akaweka SPF (orodha ya seva zinazoruhusiwa kutuma kwa jina hilo), DKIM (saini ya kidijitali ya barua) na DMARC (maagizo kwa mpokeaji, afanye nini hizo mbili zikishindwa), zote tatu zimekamilika. Watu hudhani alama hizo zinathibitisha uaminifu. Zinathibitisha kwamba barua imetoka kweli kwenye domeini inayodai kutoka. Kwa hapa, zilithibitisha kuwa mwizi ni mwizi yule yule, si mwingine anayemwigiza. Alhamdulillahi Bi Mkubwa kadi hana. Alikuwa amemjibu aje Chake mwenyewe achukue fedha mkononi, na jibu likafutwa kwa sababu ya salamu.

Matengenezo hayakuwa makubwa. Kikomo nikakirudisha 5. Orodha nikaifuta yote; kazi ya maneno ifanywe na sehemu inayojifunza yenyewe kutokana na barua unazoiambia hii taka, hii si taka. Sehemu hiyo kwenye SpamAssassin haianzi kutoa hukumu mpaka ionyeshwe taka 200 na barua halali 200, kwa hiyo anayelalamika siku ya pili kwamba halijifunzi anaharakisha. Kufuta nikakugeuza kuwa kuweka kwenye folda. Bi Mkubwa anaipitia kila Ijumaa baada ya sala, dakika tano, na mwenye Gmail asichelewe zaidi: kilichomo kwenye taka hufutwa chenyewe baada ya siku 30. Akitaka mteja fulani asiguswe kabisa, atengeneze kichujio chenye @ na domeini ya mteja, achague kisipelekwe kwenye taka kamwe. Hilo lifanyike kwenye kivinjari cha kompyuta. Programu ya Gmail ya simuni haina nafasi hiyo, utaitafuta mpaka chaji iishe.

Upande wa kutoka ulikuwa na uchafu wake. Domeini ya Bi Mkubwa ilikuwa na rekodi mbili za SPF, ya zamani na aliyoiongeza kijana. Domeini moja inaruhusiwa rekodi moja. Mbili zikikutana, mpokeaji anahesabu kosa la kudumu, hata kama kila moja peke yake ni nzima. Nikaziunganisha: mwanzo v=spf1, katikati include ya kila huduma inayotuma kwa niaba yake, mwisho ~all. Include zikizidi hadi maombi ya DNS, daftari la mtandao linalotunza rekodi za domeini, yakapita 10, kosa linarudi vile vile, basi usirundike za huduma ulizoziacha. Kisha ufunguo wa DKIM, na DMARC ikianza na p=none ili upate ripoti kwanza bila kuzuia mtu. TTL, muda ambao seva nyingine huendelea kuikumbuka rekodi ya zamani, ilikuwa sekunde 3600, kwa hiyo saa moja ya kunywa chai. Tangu Februari 2024 Gmail inataka kila mtumaji awe na walau SPF au DKIM, na anayetuma kuanzia barua 5000 kwa siku awe na zote tatu. Bi Mkubwa 5000 hatazifikisha hata akiwaandikia popo, lakini DKIM inamfaa kwa sababu nyingine: barua ikipitishwa kutoka anwani moja kwenda nyingine, SPF huanguka, maana seva iliyopitisha haimo kwenye orodha ya mtumaji. Saini ya DKIM husalimika, mradi njiani barua haijabadilishwa.

Mama wa popo alituma barua siku ya kuondoka, na cheo chake chote chini ya jina. Ikaingia. Bi Mkubwa akaichapisha akaibandika jikoni, na mkwe akija anapitia mlango wa nyuma.

Ilibaki kuwaeleza wenye kampuni. Nikawaandikia kwa adabu, nikawafafanulia habari ya mipaka ya maneno, nikawatolea mifano yote: specialist, passport, Kassim, na salamu yetu. Ikarudi baada ya dakika moja, 550, maudhui hayafai.

Nikapiga simu. Akapokea kijana mpole, akanisikiliza hadi mwisho bila kunikatiza, akasema, "Nimekuelewa kaka. Sasa yote hayo tuandikie kwa imeili."