Kikomo cha kumbukumbu kwenye seva ya wavuti: kiwekwe wapi?

Tuanze na hesabu. Seva ina RAM ya GB 4. Juu yake kuna Apache, programu ya kutumikia tovuti, ya mtindo wa prefork, ule ambao kila ombi hupewa mchakato wake peke yake, na MaxRequestWorkers, yaani idadi ya juu ya michakato hiyo, imeachwa kwenye thamani yake ya kawaida, 256. Mchakato mmoja wenye PHP, lugha ya kuandikia tovuti, ndani yake ukifika MB 80, jambo lisilo la ajabu, basi siku wageni wakijaa, seva hiyo itahitaji zaidi ya GB 20. Haina. Itaanza kuhamishia kurasa za kumbukumbu (vipande vidogo ambavyo RAM hugawanywa) kwenye diski. Maombi yatachelewa, yanayochelewa yatashikilia michakato, mingine itazaliwa kuziba pengo, na muda si mrefu hata msimamizi kuingia kutoka mbali kwa SSH kutakuwa kazi.

Ndiyo maana wanaotaka kikomo wana hoja nzito, nami kwa sehemu kubwa niko upande wao. Linux ikiishiwa kumbukumbu kabisa, kerneli, yaani kiini cha mfumo, huita OOM killer, sehemu yake ambayo huchagua mchakato wa kuua, hasa kwa kuangalia ukubwa. Na mkubwa kuliko yote kwenye mashine ya namna hii mara nyingi ni hifadhidata, MySQL kwa mfano, iliyojitengea sehemu yake mapema na haijamkosea mtu. Michakato mia ya wavuti, kila mmoja mdogo, inapona, halafu inakosa pa kusoma data. Asiyeweka kikomo hajakwepa kuua. Ameiachia kerneli imchagulie.

Wapinzani nao hawabishi kwa kupenda kubisha. Wanasema tunapima vibaya, na ni kweli. Safu ya RES (kumbukumbu iliyo ndani ya RAM) kwenye top, programu inayoorodhesha michakato, huhesabu hata kurasa ambazo mchakato unashiriki na ndugu zake. Mchakato mama ukizaa watoto kwa fork, haunakili kila kitu. Wote hutumia kurasa zilezile mpaka mmoja wao aandike juu yake. Ile MB 80 yetu, huenda 50 ni za pamoja. Michakato 40 basi haili MB 3,200. Inakula 50 za wote na 30 mara 40, jumla MB 1,250. Anayeweka kikomo kwa kusoma RES anafukuza wageni huku nafasi ipo. Takwimu ya kutazama ni PSS, iliyomo kwenye smaps_rollup ya kila mchakato ndani ya saraka ya /proc, kwa kuwa hugawa kurasa za pamoja kwa idadi ya wanaozitumia.

Hoja yao nyingine ni kwamba kazi halali hupanda ghafla. Picha ya pikseli 6000 kwa 4000 inaweza kuwa faili la MB 5, lakini ikifunguliwa ili ipunguzwe, kwa baiti 4 kila pikseli, inakuwa baiti milioni 96. Ongeza nakala moja ya kufanyia kazi, na memory_limit, kikomo cha PHP yenyewe kwa kila ombi, ambayo kwa kawaida ni 128M, imepitwa. Mtumiaji anaona ukurasa mweupe. Kwenye logi kuna ile namba maarufu, 134217728, ambayo ni hiyo 128M kwa baiti. Msimamizi anapandisha hadi 512M kwa tovuti nzima, kwa ajili ya fomu moja ya kupakia picha, na hapo kikomo kimebaki jina tu. Isitoshe, memory_limit huhesabu kile tu kinachogawiwa na PHP yenyewe. Maktaba kama ImageMagick, inayojichukulia kumbukumbu moja kwa moja kwenye mfumo, haionekani humo.

Vipo vikomo ambavyo sitavitetea hata kidogo. ulimit -v, amri ya kubana mchakato, hupima anwani zilizotengwa, si RAM inayotumika, na programu nyingi za leo hutenga anwani kuliko zinavyozitumia. RLIMIT_RSS, ambayo kwa jina ni kikomo cha RAM inayotumika na ndiyo hasa tungeitaka, haina athari yoyote kwenye Linux ya sasa. RLimitMEM ya Apache nayo haiwabani watoto wanaopokea maombi. Hubana programu ambazo watoto hao wanazianzisha, kama skripti za CGI, zinazoendeshwa kama programu za pembeni. Anayetumia mod_php, yaani PHP iliyo ndani ya Apache yenyewe, ameandika mstari wa bure.

Kilichobadilisha mjadala ni cgroups, njia ya kerneli ya kuweka michakato katika makundi na kuyawekea vikomo, kazi iliyoanzishwa na wahandisi wa Google mwaka 2006 na kuanza kuingia kwenye kerneli mwaka 2008. Hapa kikomo huzunguka huduma nzima, na ukurasa wa pamoja huhesabiwa mara moja. Kwa toleo la pili la cgroups, systemd, programu inayosimamia huduma za Linux, inakupa viwango viwili. MemoryHigh ikivukwa, kerneli hupunguza kasi ya michakato na kuikamua irudishe kurasa. MemoryMax ikifikiwa na hakuna cha kurudisha, mmoja huuawa, ila ndani ya kundi hilo tu. Hifadhidata iliyo kundi jingine haiguswi.

Lakini SIGKILL, ishara inayoua mchakato papo hapo, haimpi mtu nafasi ya kuaga. Faili lililokuwa likipakiwa hubaki nusu, kivinjari hupata kosa la 502, na logi ya programu haina neno kwa sababu aliyetakiwa kuliandika hayupo. MemoryHigh nayo ikiwekwa chini mno, tovuti haifi, inajikokota, na ufuatiliaji unaouliza tu kama huduma iko hai utajibu kuwa mambo ni shwari. Kwangu hilo ni baya kuliko kifo cha wazi.

Kwa hiyo naanza na idadi kabla ya ukubwa: toa sehemu ya mfumo na ya hifadhidata, kinachobaki kigawe kwa PSS ya mchakato mzito kuliko wote, na jibu liwe pm.max_children, idadi ya juu ya michakato ya PHP-FPM, huduma inayoendesha PHP nje ya Apache. Ombi la ziada lingoje foleni. Kungoja sekunde mbili si sawa na kukatwa katikati. MemoryMax iwe juu ya hapo, kwa siku mbaya.

Kustaafisha mchakato baada ya maombi kadhaa, kwa pm.max_requests, kunalaumiwa kuwa kunaficha uvujaji, yaani kumbukumbu inayochukuliwa bila kurudishwa. Lawama ni ya haki, ila uvujaji mwingine uko kwenye maktaba usiyoiandika wewe, na huwezi kufunga tovuti ukingoja irekebishwe. Weka namba kubwa kiasi kwamba mpando bado unaonekana kwenye grafu. Na mtumiaji wa Gunicorn, seva ya programu za Python, asiisahau max_requests_jitter, inayotofautisha idadi hiyo kidogo kwa kila mchakato: michakato iliyozaliwa pamoja na kugawana kazi sawasawa hustaafu pamoja, na kwa muda huo hakuna wa kupokea ombi.