Mfano uliotoa 20 badala ya 14

Juzi baada ya isha nilikuwa nimekaa barazani kwetu Mji wa Kale, kompyuta mapajani, nikinakili mfano kutoka kwenye mwongozo wa zana ninayosaidia kuitunza. Ni programu huria, ndogo, inayotegemea watu wachache wanaojitolea. Wewe unaiandikia sarufi, nayo inakutengenezea kichanganuzi, yaani programu ya kusoma maandishi na kutambua yameundwaje. Mfano wenyewe ulikuwa wa kikokotoo. Niliunakili herufi kwa herufi, nikaingiza 2 + 3 * 4. Ikanijibu 20.

Zana haikukosea. Mwongozo ndio uliokuwa umesema hivi:

%left '*'
%left '+'

Katika zana za ukoo wa Yacc, iliyozaliwa Bell Labs miaka ya 1970, alama iliyotajwa mstari wa chini ndiyo inayoshika kwa nguvu zaidi. Kwa mpangilio huo, kujumlisha kunatangulia kuzidisha: 2 na 3 ni 5, mara 4 ni 20. Mtu aliipindua mistari miwili, hakuuendesha tena mfano, na ukabaki hivyo ukisubiri mgeni wa kwanza aje ajilaumu mwenyewe. Hilo la kujilaumu ndilo linaloniuma. Anayeanza akipata 20 hasemi mwongozo umekosea; anasema kazi hii yeye haiwezi.

Ukitaja kupiga msasa mwongozo, wengi wanafikiria koma na tahajia. Hizo zirekebishwe, sawa. Lakini msasa unaanzia kwenye mifano: kila mmoja ukae kwenye faili lake, ujaribiwe kila zana inapojengwa, na ukurasa uuchukue kutoka humo humo. Mfano ukivunjika, ujenzi ukwame. Mimi sikubali tena mfano ulioandikwa kwa mkono moja kwa moja ukurasani, hata ukiwa wa mistari mitatu.

La pili ni pale msomaji anapokwama. Kuna kijana wa Kisauni ninayemfundisha, anatunga lugha yake ndogo. Alinijia na ujumbe kwenye skrini: 1 shift/reduce conflict, yaani mgongano mmoja kati ya kuendelea kusoma na kufunga kilichokwisha kusomwa. "Sasa dada, hapa yataka nini?" Nikafungua mwongozo wetu. Jibu lilikuwa kurasa mbili za nadharia ya LALR(1), mbinu ambayo vichanganuzi hivi hujengwa kwayo, na hakuna hata sentensi moja iliyomwambia afanye nini.

Nikamwambia, nikisema "mtoto wa fundi mrefu", nani mrefu? Akanyamaza kidogo. "Yeyote kati yao." Basi na kichanganuzi kimesimama hapo hapo. Kimeona if (ikiwa) ndani ya if, halafu else (la sivyo) moja, hakijui else hiyo ni ya nani: kiendelee kusoma na kuiunga na if ya ndani, au kwanza kiifunge ile ya ndani? Bison, zana maarufu ya ukoo huo wa Yacc, kwa kawaida yake huendelea kusoma, kwa hiyo else inakwenda kwa if iliyo karibu. Kisha nikamwuliza, "Na 'kiti cha fundi kirefu'?" Hapo alicheka, maana ki- imekwisha kujibu. Lugha nyingine za programu hufanya vivyo hivyo kwa neno la kufungia. Bash, lugha ya kuiandikia kompyuta amri, ina fi ya kuifunga if, na utata unaondoka.

Mazungumzo hayo hayakufika hata dakika kumi. Kwa nini yasiwe kwenye mwongozo?

Mwenzangu mmoja katika kazi hii hakubaliani nami. Anasema zana kama hii si ya wanaoanza, mtu asome nadharia kwanza. Namheshimu, na sijafuta hata mstari mmoja wa nadharia yake. Nimeisogeza nyuma tu. Mwongozo wa Bison wenyewe unaanza na kikokotoo ambacho alama ya hesabu hufuata namba, kwa sababu hapo suala la kipaumbele halizuki kabisa, ndipo unaingia kwenye hesabu tulizozoea. Huo ni ualimu. Na tangu toleo la 3.7 la mwaka 2020, Bison inaweza kukuonyesha mfano wenyewe unaoleta mgongano, ukiiomba kwa -Wcounterexamples. Zana yetu haijafika huko, kwa hiyo mzigo huo unabebwa na maandishi.

Ukurasa wa migongano sasa unaanza na ujumbe kama skrini inavyouchapa. Chini yake kuna if mbili na else moja, halafu njia mbili za kutoka. Yule kijana ndiye aliyeusoma wa kwanza, akanirudishia sentensi mbili ambazo hakuzielewa, nikaziandika upya. Kesho nauanza ukurasa wa kanuni ya sarufi inayojiita yenyewe upande wa kushoto, yaani mwanzoni mwake. Mifano yake mitano bado haijaendeshwa hata mmoja.