Wakazi kama macho ya marufuku ya mifuko ya plastiki

Jiji linapopiga marufuku mifuko ya plastiki, kazi ngumu huanza siku inayofuata, kwa sababu lazima awepo wa kuhakikisha kwamba mifuko hiyo haitolewi tena. Wakaguzi ni wachache, maduka na vibanda ni maelfu, na mkaguzi akionekana mwanzo wa mtaa, mifuko huwa imekwisha kufichwa chini ya meza kabla hajafika katikati. Ndiyo maana zipo mamlaka zinazowaomba wakazi wasaidie. Katika jimbo la New York, Marekani, ambako katazo lilianza Machi 2020, mnunuzi anaweza kuiarifu mamlaka ya mazingira kuhusu duka linaloendelea kutoa mifuko hiyo.

Hoja ya kuwashirikisha wakazi ni nzito. Wao hununua mahitaji alfajiri na usiku, saa ambazo ofisi zimefungwa, tena ndio wanaoingiliwa na maji ndani mfereji unapoziba. Bangladesh ilikuwa nchi ya kwanza kupiga marufuku mifuko myembamba, mwaka 2002, baada ya kubainika kwamba ilichangia kuziba mifereji wakati wa mafuriko makubwa ya 1988 na 1998. Hata hivyo mifuko ilirudi sokoni kwa sababu usimamizi ulilegea.

Lakini mkazi hana kipimo. Kanuni za India, kwa mfano, zinakataza tangu mwisho wa 2022 mifuko ya plastiki yenye unene usiofikia mikroni 120 (mikroni moja ni sehemu moja ya elfu ya milimita), na unywele wa binadamu una takriban mikroni 70. Mpe mtu mfuko ausugue kati ya kidole gumba na cha shahada, kisha umuulize kama ni mikroni 100 au 130: hawezi kujua, wala mimi siwezi. Ipo pia mifuko inayofanana na kitambaa, ambayo wengi huipokea kama mbadala, kumbe imetengenezwa kwa polipropilini, ambayo nayo ni plastiki.

Kinachonitia hofu zaidi ni uzito wa adhabu. Katazo la Kenya la Agosti 2017 liliweka faini ya shilingi milioni 2 hadi 4, au kifungo cha mwaka 1 hadi 4. Adhabu inapokuwa kubwa kiasi hicho, taarifa ya jirani inaweza kuwa njia ya kulipa kisasi au ya kumwondoa mshindani wa biashara, na anayenaswa kwa urahisi ni mchuuzi mwenye mifuko ishirini, huku mwenye ghala akiendelea kusambaza.

Kwa hiyo naunga mkono ushiriki wa wakazi, ila kwa mipaka. Mkazi atazame na kuarifu. Asipekue mkoba wa mtu wala kumnyang'anya muuzaji mali yake. Taarifa yake izae ukaguzi kwanza, si faini, na mkaguzi aulize mzigo umetoka wapi, kwani taarifa tano za mtaa mmoja zinazotaja mfuko wa aina moja zinaweza kumfikisha kwa msambazaji. Na aliyetoa taarifa ajulishwe, hata kwa ujumbe mfupi, kama duka lilikaguliwa na nini kilionekana. Akikaa miezi bila jibu huku mifuko ileile ikining'inia palepale, hatapiga simu mara ya pili.