Nilisema rudisha, ikasikia rudia

Kabla hamjaendelea kusambaza ile video ya kikao cha kamati ya harusi, na hapa nasema na wewe jamaa yangu wa Sinza uliyeandika "Katibu kafuta ukoo mzima kwa dakika mbili", hebu niacheni niseme mwenyewe. Kwanza haikufika dakika mbili. Pili, ukoo mzima upi? Walikuwa watu saba tu. Na wote wamerudi, ila mjomba ndiye bado hapokei simu yangu.

Mnaikumbuka ile kompyuta niliyowaringia Jumamosi. Mtumba wa Kariakoo, imeshuka kutoka Ujerumani, haina hata mchubuko. Muuzaji alikuwa amebandika stika za herufi juu ya vitufe, A mpaka Z, kwa mpangilio uleule tuliojifunzia. Stika zikaishia hapo. Vitufe vya pembeni vikabaki na Kijerumani chao: penye Ctrl pameandikwa Strg, penye Delete pameandikwa Entf, na Home inaitwa Pos1. Strg niliisoma "Strong". Nikamuuliza muuzaji, akanijibu bila kupepesa: "Hiyo ndiyo Control ya Ulaya, bosi." Pos1 sikuuliza, nilidhani ni mambo ya benki.

Basi jana Jumapili, kikao cha tatu cha kamati ya harusi, sebuleni kwa mwenyekiti. Mimi katibu nimekwenda na projekta ya kukodi, shuka jeupe limepigiliwa misumari ukutani, na upande wa bibi harusi umeleta wajumbe wawili waje kujionea tulivyojipanga. Orodha ya michango nilikuwa nimeihamisha kwa fleshi kutoka kompyuta ya zamani. Nilichoongeza ni kichwa cha habari tu, harakaharaka, wala sikukisoma. Nikawasha. Kikatokea ukutani kwa herufi kubwa nyekundu:

MICHANGO ZA HARUSI ZA KIJANA WETU

(Walimu wa Kiswahili, najua. Tulieni.)

Shangazi wa bibi harusi akanyoosha mkono kwa adabu zote. "Samahani mwenyekiti. Kwani kijana wenu ana harusi ngapi?"

Watu wakacheka, nami nikacheka, nikasema kidole kimeteleza. Nikafuta, nikaandika upya mbele yao, polepole, kwa kidole kimoja kama karani wa mahakama ya mwanzo: Y, kisha A. Ikatoka ZA. Nikarudia. ZA. Nikawaambia mashine ina uchovu wa safari, twende kwenye ajenda. Mtu mwenye akili zake angeifunga kompyuta palepale.

Mweka hazina akasema dada yetu wa Tabata kaandikwa mara mbili, nipunguze mmoja. Nikabofya kulia kwenye namba ya mstari, nikachagua kufuta. Nikakosea mstari. Aliyeondoka ni mjomba, mwenye laki tano taslimu, ameshazitoa, na amekaa kiti cha mbele. Jumla pale chini ikateremka kutoka 7,450,000 hadi 6,950,000.

Mjomba hakusema kitu. Alivua miwani, akaifuta kwa pindo la shati, akaivaa, akautazama ukuta tena.

"Usihofu mjomba, hii inarudi," nikasema, kwa sauti ya mtaalamu. Nikashikilia Strg kwa kidole kidogo, nikabonyeza Z, maana Control na Z ndiyo hurudisha ulichotoka kufanya.

Mama mkubwa akatoweka. Laki mbili. 6,750,000.

Nikajiambia sikubonyeza vizuri. Nikaikandamiza Z kama nabana mende. Mzee jirani, laki tatu, ambaye ndiyo kwanza amepanda kushika nafasi ya mama mkubwa, naye akayeyuka. 6,450,000. Yaani kila aliyepanda juu ndiye aliyefuata kuondoka, na wajumbe wameshaelewa utaratibu kabla yangu. Nikasikia mtu anahesabu mistari kwa mnong'ono kuona zamu yake itafika lini.

"Control Z!" mtu akapaza sauti kutoka nyuma.

"Ndiyo ninayobonyeza!"

"Mbona hapo pameandikwa Strong?"

Jamaa yangu wa Sinza, ambaye tangu anunue Mac, kompyuta ya Apple, hana lugha moja na sisi, akasimama, simu yake inarekodi. "Bonyeza Command, mzee. Command!"

"Command iko wapi?"

"Ile yenye alama kama kamba iliyopigwa vitanzi kwenye kona nne."

"Hapa hakuna kamba!"

"Basi hiyo yenye dirisha. Ndiyo Command hiyo."

Mjumbe wa pili wa bibi harusi, kijana mpole anayetumia Linux, mfumo mwingine kabisa wa kompyuta, akaona amsahihishe. "Hiyo si Command, kaka. Hiyo inaitwa Super."

"Supu?" akadakia mama mkubwa. "Mmenifuta kwenye orodha halafu mnazungumza habari za supu?"

Sijui nilipagawa na nini. Nikaing'ang'ania Strg, nikaanza kuigonga Z mfululizo, ta ta ta ta. Wanne wakaenda kwa mpigo. 6,100,000. Sebule nzima kimya, feni tu inasikika. Halafu kutoka mlango wa jikoni ikaja sauti ya kike, ambayo mpaka leo hakuna anayekiri kuwa ni yake:

"Jamani, pesa zinaliwa huku tunaona!"

Kilichokuwa kinatokea nimekuja kuelezwa usiku na yuleyule kijana wa Linux, Mungu amjalie. Kwenye kibodi ya Kijerumani Y na Z zimebadilishana nafasi. Z kwao ni herufi ya kila siku, kwa hiyo imekaa juu katikati. Y hawana shida nayo sana, wameitupa kona ya chini kushoto. Stika zangu zilikuwa za mpangilio wa Kiingereza, lakini ndani kompyuta ilikuwa bado inaamini iko Ujerumani. Nikigusa stika ya Z, yenyewe inapokea Y. Na Ctrl pamoja na Y kwenye Excel, programu niliyoandikia ile orodha, ukiwa umetoka kufanya jambo, maana yake ni lifanye tena. Jambo nililotoka kufanya ni kufuta mtu. Mimi nasema rudisha, yenyewe inasikia rudia.

Aliyeniokoa ni binti wa mweka hazina, yuko kidato cha pili, alikuwa anapita na sinia la vikombe. Akaliweka chini, akashika kipanya, akabofya kile kimshale kilichopinda kushoto kule juu, mara saba. Wakarudi mmoja mmoja kama abiria wanaopanda daladala, mjomba akawa wa mwisho. Mwenyekiti akaamua michango iandikwe kwenye kaunta buku. Shuka likashushwa. Pesa ya projekta nimelipa mimi.

Ningeishia hapo ingekuwa afadhali. Lakini jioni ile, kabla sijajua habari za Wajerumani, nikaona uungwana ni kuomba radhi kwenye grupu la kamati. Nikaiwasha kompyuta ileile. Nikaandika haraka, machozi yananilengalenga, nikatuma:

"Ndugu wajumbe, naomba radhi kwa zalizotokea leo. Kompzuta zangu ina hitilafu."

Shangazi wa bibi harusi, ambaye alikuwa ameunganishwa mchana huohuo, akajibu wa kwanza: "Kumbe na kompyuta ni nyingi?"

Kisha mjomba, ambaye tangu grupu liundwe hajawahi kuandika hata salamu, ikaonekana anaandika. Akaandika muda mrefu sana. Likaja neno moja:

"Rudisha."