Bawa la Mustang halikuwa alumini tupu

Nikiona modeli ya P-51D Mustang, ndege ya kivita ya Marekani ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia, jicho hukimbilia kwenye mabawa, na mara nyingi nasikitika. Yanang'aa sawasawa na kiwiliwili, kana kwamba ndege nzima imechovywa kwenye kromu. Kazi ni safi, mkono wa aliyeifanya ni mzuri, lakini Mustang haikutoka kiwandani hivyo.

Mwanzoni mwa 1944 ndege nyingi mpya za kivita za Marekani zilianza kutoka bila rangi za kujificha, na hapo ndipo watu wanapodhani kila kipande kiliachwa kitupu. Bawa la Mustang liliundwa ili hewa ipite juu yake bila kuvurugika. Kwa sababu hiyo mafundi wa North American, kampuni iliyoiunda, waliziba viungio na vichwa vya riveti kwa puti, hasa upande wa mbele, wakapiga praima (rangi ya msingi), wakasugua kwa msasa, kisha wakapaka rangi ya fedha. Usukani wa mkiani ulivikwa kitambaa, nao ukapakwa fedha. Alumini tupu hasa ilikuwa kwenye kiwiliwili.

Kwa hiyo kabla hujagusa rangi, ziba mistari mingi ya paneli, ile inayoonyesha maungio ya mabati, kwenye mabawa ya modeli yako. Acha milango ya bunduki, vifuniko vya mafuta, na mipaka ya flapu na eleroni, zile sehemu zinazosogea nyuma ya bawa. Najua inauma kufuta mistari ambayo watengenezaji wa modeli wameichonga kwa ustadi. Ifute tu.

Kiwiliwili ndicho kinachotaka subira. Rangi ya metali haisitiri kitu: mkwaruzo ambao rangi ya kijivu ingeumeza, hapa unajitokeza kama jeraha. Mimi husugua kwa maji na msasa laini sana, wa namba 2000 na kuendelea, kisha napuliza nyeusi inayong'aa na kuiacha ikauke kabisa. Nyeusi ikiwa na chembe za vumbi, hakuna Alclad, rangi ya metali ya modeli, itakayoiokoa. Alclad yenyewe napuliza kwa presha ndogo, ukungu juu ya ukungu, hadi weusi upotee taratibu. Ukitaka kulowanisha kwa mkupuo mmoja, unaua mng'ao.

Halafu badilisha paneli. Karatasi za alumini hazikufanana, kwa hiyo chache zipate kivuli cheusi zaidi, nyingine cheupe zaidi, tofauti ndogo tu. Tepu ya karatasi ya kufunikia paneli za jirani ibandike kwanza mgongoni mwa mkono wako ipunguze gundi, la sivyo itaondoka na rangi. Nyuma ya mabomba ya moshi weka ukahawia hafifu, na juu ya pua ile zeituni isiyong'aa iliyomkinga rubani na mwako wa jua.

Vanishi? Kwenye mabawa, ndiyo, ya nusu mng'ao, juu ya fedha ya kawaida. Kiwiliwili sikipaki chochote.