Nguvu ya mairungi ni ya kukopa

Mwandishi wa makala moja kuhusu mairungi (miraa) anasema huwapa nguvu madereva wa malori hapa Malaba, mpakani mwa Kenya na Uganda. Nguvu gani? Kathinoni, kemikali ya kusisimua iliyo kwenye jani bichi, huufanya ubongo umwage dopamini, kemikali ya raha na hamasa, moyo unaenda mbio, presha inapanda, njaa inapotea. Uchovu wenyewe haujaenda popote. Juzi nilimwona tingo (msaidizi wa dereva) mmoja kibandani, ameshatema lakini taya bado zinasaga, chapati yake imepoa haijaguswa. Dereva aliye katika hali hiyo akikesha usiku wa pili, ubongo unaweza kusinzia sekunde chache huku mguu uko kwenye mafuta. Hilo makala haikuligusa kabisa.